Shahidi wa Kukodiwa

Mwezi wa Juni mwaka 1988, katika siku za joto kali mjini Washington, mtaalamu wa NASA aitwaye James Hansen aliketi mbele ya kamati ya Baraza la Seneti la Marekani akatoa ushahidi mfupi usio na kificho: kwamba dunia inazidi kupata joto, kwamba ana yakini ya asilimia 99 kuwa ongezeko hilo si bahati nasibu ya misimu, na kwamba sababu yake, kwa kadiri elimu ilivyokwisha kudhihirisha, ni hewa ukaa na gesi nyinginezo zitokanazo na kazi za wanadamu. Jambo ambalo kijana wa leo huenda asilisadiki ni kwamba ushahidi ule haukuwa na chama. George H. W. Bush, aliyekuwa akigombea urais mwaka ule ule kwa tiketi ya Republican, aliwaahidi wapiga kura kwamba akichaguliwa ataikabili hatari hiyo kwa uwezo wote wa Ikulu. Na mwaka uliofuata Margaret Thatcher, kiongozi wa Wahafidhina wa Uingereza, ambaye kabla ya siasa alisomea kemia, alisimama katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa akauonya ulimwengu juu ya jambo hilo hilo. Basi imekuwaje hata tarehe 23 Septemba 2025 Donald Trump, rais wa chama kile kile cha Bush, akasimama katika Baraza lile lile na kuyaita mabadiliko ya tabianchi ulaghai mkubwa kuliko wote uliopata kufanyiwa ulimwengu?

Jibu linalokuja haraka ni kwamba watu hawa ni wajinga, nami silikubali hata kidogo, kwa kuwa ukanushaji huu uliasisiwa na watu waliokuwa wakijua. Mwaka 1977 James Black, mtaalamu wa kampuni ya mafuta ya Exxon, aliwaeleza wakuu wake kwamba uchomaji wa mafuta na makaa ya mawe unaibadili hali ya hewa ya dunia. Wenzake wakaendelea kukadiria kiasi cha joto litakaloongezeka, na makadirio yao, yalipopimwa upya na watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2023, yalikutwa kuwa mengi yamesadifu. Elimu ilikuwamo ndani ya nyumba. Kilichotolewa nje kwa umma, kwa matangazo ya kulipiwa na kwa vinywa vya taasisi zilizofadhiliwa, kilikuwa shaka. Hila yenyewe haikuwa ngeni, maana kampuni za tumbaku zilikwisha kuitumia zamani, na mwanafizikia Frederick Seitz, aliyepata kuzisimamia fedha za utafiti za kampuni moja ya sigara, ndiye aliyeonekana baadaye katika safu ya mbele ya waliokuwa wakiipinga elimu ya joto la dunia.

Mwezi wa Aprili 1998 gazeti la New York Times lilifichua waraka wa kundi lililokutana chini ya Taasisi ya Petroli ya Marekani, na laiti ningekuwa na amri, hakuna mwandishi wa habari ambaye angehitimu mafunzo yake bila kuusoma. Waraka ule ulieleza kwamba ushindi utapatikana pale raia wa kawaida watakapoona kuwa elimu hii imejaa mashaka, na pale vyombo vya habari vitakapoonyesha mizani kati ya wanaoikubali na wanaoipinga. Tazama ustadi wake. Hawakumtaka mhariri aseme uongo, kwani mhariri mwenye heshima zake angekataa. Walimtaka atende lile alilofundishwa tangu siku ya kwanza kazini kuwa ndiyo insafu, yaani kuzisikiliza pande zote mbili.

Naye akalitenda. Watafiti Maxwell Boykoff na Jules Boykoff walizichambua habari za magazeti manne makubwa ya Marekani za tangu 1988 hadi 2002, wakakuta kwamba zaidi ya nusu ziliwapa wakanushaji nafasi iliyolingana na ya wataalamu. Ilhali mwanahistoria Naomi Oreskes, alipopitia muhtasari wa makala 928 za kitaalamu zilizotoka kati ya 1993 na 2003, hakukuta hata moja iliyopinga kwamba wanadamu ndio wanaoichemsha dunia. Msomaji wa gazeti aliletewa mabishano ambayo katika maabara hayakuwapo.

Kwa mujibu wa fiqhi, mbele ya kadhi shahidi hakubaliwi kwa kuwa amefika na ana ulimi. Huangaliwa kwanza uadilifu wake, na akiwa na manufaa yake katika daawa inayosikilizwa, ushahidi wake hurudishwa. Wala kadhi hahesabiwi kuwa amedhulumu kwa kumkataa shahidi wa namna hiyo. Naona ajabu kwamba desturi hii, ambayo mzee yeyote wa Mombasa au wa Unguja anaielewa bila kufafanuliwa, iliwashinda wahariri wa miji mikubwa ya ulimwengu kwa muda wa miaka thelathini. BBC, ambayo wengi wetu tumekua tukiisikiliza kwa Kiswahili tangu ilipoanza idhaa yake ya lugha hii mwaka 1957, ilimkaribisha mkanushaji Lord Lawson katika kipindi chake cha asubuhi mwezi wa Agosti 2017, naye akadai kwamba wastani wa joto la dunia ulikuwa umepungua kidogo katika miaka kumi iliyotangulia; dai hilo ni batili, wala halikupingwa pale pale studioni. Mdhibiti wa utangazaji wa Uingereza aliamua mwaka 2018 kwamba kanuni zilivunjwa, na mwaka huo huo shirika likawaandikia waandishi wake kwamba hawana haja ya kumtafuta mkanushaji ili kuipatia habari mizani. Ulikuwa uamuzi mwema, lakini ulichelewa mno.

Kwa upande wa vyama, shaka iliyopandwa magazetini ilivunwa kwa kura. Frank Luntz, mshauri wa Republican, aliwaandikia wakuu wa chama mnamo mwaka 2002 kwamba umma ukisadiki kuwa wataalamu wameafikiana utabadili mawazo, kwa hiyo ni lazima suala la kutokuwa na yakini lidumu mbele. (Luntz mwenyewe alikiri mbele ya kamati ya maseneta mwaka 2019 kwamba alikosea, nami namheshimu kwa hilo.) Hata hivyo mwaka 2008 John McCain aligombea urais kwa chama hicho huku akitaka sheria ya kuiwekea hewa ukaa kikomo, na mwaka 2009 wabunge wanane wa Republican waliupigia kura ya ndiyo muswada wa namna hiyo. Kisha Januari 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani ikayaruhusu makampuni kutumia fedha bila mpaka katika matangazo ya uchaguzi, na miezi michache baadaye mbunge Bob Inglis wa South Carolina, mhafidhina aliyekuwa amethubutu kusema hadharani kwamba joto hili ni kweli, akashindwa ndani ya chama chake kwa kupata chini ya theluthi moja ya kura. Hilo halikuwa kosa lake pekee machoni pa wapiga kura, lakini wenzake walilielewa fundisho. Tangu hapo kukanusha kukawa alama ya utii, na mtu akishafanya jambo kuwa alama ya utii wake, humfikii tena kwa hoja za vipimo vya joto.

Atakayeniuliza haya yatuhusu nini, namwelekeza Marsabit, Wajir na Mandera, nchini Kenya. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua za misimu mitano mfululizo zilikosekana katika Pembe ya Afrika. Kenya peke yake ilipoteza mifugo zaidi ya milioni mbili, na mfugaji aliyehesabiwa kuwa tajiri kwa ngamia na ng'ombe wake akajikuta akipanga foleni ya unga wa msaada. Wataalamu wa kundi la World Weather Attribution walikadiria mwaka 2023 kwamba mabadiliko ya tabianchi yameifanya nakama ya namna ile iwe rahisi kutokea kwa kiasi cha mara mia moja. Mwishoni mwa Januari 2025 mtandao wa FEWS NET, ulioanzishwa na Marekani mwaka 1985 baada ya njaa ya Uhabeshi ili kuonya mapema juu ya upungufu wa chakula, ulizimwa, ukakaa miezi kadhaa bila kutoa taarifa zake. Sisemi kwamba ulizimwa kwa ajili ya ukanushaji, kwani ulikumbwa na usitishaji wa karibu misaada yote ya nje. Lakini mwezi wa Machi serikali ile ile ya Trump ilijitoa katika bodi ya mfuko wa kufidia hasara na uharibifu wa tabianchi, na hilo halina maelezo mengine.

Magazeti yetu hupokea habari nyingi kutoka mashirika ya ng'ambo na kuzifasiri usiku huo huo, hata kauli iliyotungwa kwa ajili ya uchaguzi wa Ohio humfikia msomaji wa Dodoma kana kwamba ni rai ya mtaalamu. Nawasihi wahariri wa Kiswahili kwamba kila msemaji wa jambo hili atajwe pamoja na anayemlipa. Wala simwingizi katika hukumu hii mvuvi wa Lamu asemaye kuwa mvua ni ya Mwenyezi Mungu, kwa maana huyo huyo ndiye atakayekueleza, ukimwuliza kwa adabu, jinsi kaskazi na kusi zisivyoshika tena nyakati zake. Mabishano ya halali tunayo tele, na yanasubiri kurasa: kama bomba la mafuta la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, litawafaa watu wa Uganda na Tanzania kuliko litakavyowadhuru; kama mwenye shamba lililopitiwa na bomba hilo amelipwa kwa haki; na kama bara lenye kutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia linastahili kunyimwa gesi yake. Katika hayo pande zote mbili zina watu wa kweli wenye hoja za kweli, nao hawajapata bado hata nusu ya nafasi waliyopewa wale waliokodiwa.