Kijana wa karakana, hiki chuma cha ndege kinakungoja

HUENDA hujawahi kuipanda Dreamliner ya Kenya Airways, lakini kama unaishi pande za Embakasi umeiona ikipita juu ya paa lenu. Karibu asilimia 15 ya uzani wa ndege aina hiyo, Boeing 787, ni titaniamu: chuma chepesi, chenye nguvu, kisichoshika kutu. Waundaji wa ndege wanakipenda. Anayekikata ndiye anayelia.

Tunakuandikia wewe uliye kwenye chuo cha kiufundi, unayekereza chuma cha kawaida wiki nzima ili upate alama za vitendo, kisha usiku unajiuliza ujuzi huo utakupeleka wapi.

Ukikata aluminiamu, joto linatawanyika haraka. Aloi ya titaniamu inayotumika sana kwenye ndege hupitisha joto vibaya mno, karibu mara 20 chini ya aluminiamu. Basi joto linajazana pale pale kwenye ncha ya kisu. Ncha ikishachemka, titaniamu huigandia kama ukoko wa ugali kwenye sufuria, na inapobanduka inaondoka na kipande cha kisu. Ukiongeza kasi ili umalize mapema, umejimaliza mwenyewe. Tena maganda yake membamba yanaweza kushika moto, kwa hivyo usijaribu ukiwa peke yako karakanani.

Miaka ya 1960, kampuni ya Lockheed ya Marekani ilipounda ndege ya ujasusi SR-71, ambayo karibu yote ilikuwa titaniamu, mwanzoni biti moja ya drili ilitoboa mashimo 17 tu ikaharibika. Mradi ulipofika mwisho, walikuwa na biti za kutoboa mashimo 100, kisha zinanolewa na kurudi kazini. Siri? Madaftari. Walirekodi kila kitu, hadi wakagundua kwamba paneli zilizotengenezwa majira ya joto zilikuwa zikiharibika mapema kuliko zile za majira ya baridi. Kumbe maji ya mfereji waliyooshea yalikuwa yakitiwa klorini nyingi wakati wa joto!

Huo ndio utafiti, bana. Mmarekani mwingine, Frederick Taylor, aliuanza mwaka 1880 katika kiwanda cha chuma, akaendelea kwa takriban miaka 26, akikata chuma na kupima kisu kinadumu muda gani. Kanuni iliyozaliwa na kazi yake bado inafundishwa: kwa kisu cha kabaidi, kuongeza kasi kwa asilimia 20 tu kunaweza kupunguza maisha ya kisu kwa nusu.

Sasa tuje nyumbani. Mchanga wenye madini ya titaniamu ulichimbwa Kwale na kuanza kusafirishwa ng'ambo 2014, mwaka ule ule Dreamliner ya kwanza ya Kenya Airways ilipotua. Uchimbaji ukafungwa mwishoni mwa 2024. Tusidanganyane: sehemu kubwa ya madini hayo duniani huishia kuwa rangi nyeupe ya kupaka kuta, si mabawa ya ndege. Lakini katika miaka hiyo yote, ni wanafunzi wangapi wa uhandisi humu nchini waliowahi kushika hata fimbo moja ya chuma hicho?

Na usidhani ni mambo ya ndege pekee. Mwendeshaji boda akivunjika mguu, huenda daktari akamfunga mfupa kwa bamba na skrubu za titaniamu. Kipande hicho kilikatwa na fundi mahali fulani, fundi ambaye alijua kasi gani haiui kisu. Kwa nini asiwe wewe?

Tunawaomba wakuu wa vyuo wasingoje maabara ya mabilioni. Kipimo kinachotumika kimataifa ni rahisi: ubavu wa ncha ukilika kwa wastani wa milimita 0.3, kisu kimekwisha. Hadubini ya somo la biolojia ikiwekewa kipimio itakuonyesha hilo. Ongeza saa, mizani na daftari, na mradi wa mwisho wa kozi uwe ni jedwali la kasi na muda, si stuli nyingine ya chuma ambayo itakaa stoo.

Mwalimu akikwambia titaniamu haimo kwenye silabasi, mwombe uanze na stenlesi, ile ya masinki. Nayo ni kaidi: ukiikwaruza kwa kisu butu, inazidi kuwa ngumu. Kata dakika tano, pima ncha, andika. Kata tano nyingine. Mwachie daftari hilo mwanafunzi atakayekuja baada yako.