Uchovu wa Misuli na Hukumu ya Mwalimu

Miongoni mwa maneno ambayo mwalimu mwanafunzi hujifunza kuyaandika upesi katika taarifa za maendeleo ya watoto, hakuna liandikwalo kwa urahisi zaidi kuliko neno "mvivu". Huandikiwa mtoto aanzaye zoezi vema na kuliharibu mwishoni. Aandikaye mistari mitano kwa hati nzuri na mitano inayofuata kwa hati isiyosomeka. Ajibuye swali kwa sauti asubuhi, na ifikapo saa sita asisikike hata na jirani yake wa dawati. Pengine hukumu hiyo huwa sahihi. Lakini yapo maradhi ambayo dalili yake ya msingi ni hiyo hiyo, yaani kuanza vema na kumaliza vibaya, na twaona kwamba mafunzo yetu ya mbinu za kufundisha hayajampa mwalimu njia ya kutofautisha mambo hayo mawili.

Maradhi tunayoyakusudia madaktari huyaita miasthenia gravisi. Hayaambukizi, wala hayatokani na kurogwa. Mshipa wa fahamu unapotaka msuli ujikunje, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, nayo hupokewa na vipokezi vilivyo juu ya msuli. Katika mwili wa mgonjwa huyu, kinga, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kuvishambulia vipokezi hivyo. Amri hutoka kama kawaida, ila wapokeaji wake ni wachache. Mara ya kwanza msuli hutii. Mara ya kumi hutii nusu. Mara ya ishirini hautii kabisa. Mgonjwa akipumzika, nguvu hurudi. Na hapa ndipo mwalimu apotezwapo, kwa maana mtoto aliyeshindwa kumaliza imla saa nne huonekana akicheza saa tano, baada ya mapumziko, na mwalimu husema moyoni, "Kumbe alikuwa akinihadaa."

Dalili zenyewe karibu zote zafanana na utovu wa adabu. Kope hudondoka, na mtoto huonekana anasinzia. Shingo huchoka, naye hushika kidevu kwa mkono, jambo ambalo walimu wengi hulikemea. Macho huona vitu viwili viwili, basi hunakili ubaoni mstari usio wake, au hufumba jicho moja ili apate kusoma. Sauti huanza wazi kisha hutokea puani. Misuli ya uso ikilegea, tabasamu lake hugeuka kitu kama dharau, na sisi sote twajua lipatikanalo darasani kwa mtoto aliyedhaniwa kumcheka mwalimu. Hata chakula cha shule humfichua: makande huyatafuna vizuri vijiko vya kwanza, kisha taya huchoka akalazimika kuliinua kwa mkono.

Yafaa ieleweke kwamba si kila udhaifu wa viungo ni ugonjwa huu. Konzo, iliyowapata watu wilayani Tarime mwaka 1985 wakati wa ukame, kwa sababu ya kula muhogo mchungu usioondolewa sumu ipasavyo, hulemaza miguu kwa ghafla, na ulemavu huo haubadiliki asubuhi na jioni. Yako pia maradhi ya kurithi yanayodhoofisha misuli ya watoto wa kiume mwaka hata mwaka. Mwalimu si daktari, wala hatumtaki awe daktari. Twamtaka aandike anachokiona pamoja na saa alipokiona, kisha amwambie mzazi. Daktari atakayempokea mtoto huyo katika Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma atafaidika zaidi na karatasi yenye saa na matukio kuliko barua isemayo kwamba mtoto ni mnyonge. Kutoka Kondoa hadi hapo ni zaidi ya kilomita 150. Haifai mzazi asafiri umbali huo na maneno matupu.

Tiba ya maradhi haya ina historia ambayo mwalimu wa sayansi angeweza kuitumia darasani. Mwaka 1934 daktari Mary Walker, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Greenwich, London, aling'amua kwamba udhaifu wa wagonjwa hawa ulifanana na wa mtu aliyepata sumu ya kurare, ambayo Wahindi Wekundu wa Amerika ya Kusini waliipaka katika mishale. (Sumu za mishale za huku kwetu ni za namna nyingine, hizo hushambulia moyo.) Akajaribu dawa iliyojulikana kupingana na kurare, fisostigmini, na mgonjwa akapata nguvu mbele ya macho yake. Dawa hiyo asili yake ni maharage ya Calabar, Afrika ya Magharibi, ambayo wenyeji waliyatumia zamani kuwalisha washitakiwa ili kujua nani mwenye hatia. Itumikayo sana leo ni ndugu yake, piridostigmini, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Sasa tufike kwenye ratiba, kwa kuwa hapo ndipo kazi ya mwalimu ilipo. Kidonge cha piridostigmini huanza kufanya kazi baada ya nusu saa au zaidi kidogo, na nguvu zake hudumu kiasi cha saa tatu au nne, kisha hupungua. Mtoto aliyekimeza saa kumi na mbili alfajiri, akatembea kwa miguu hadi shuleni, akafagia uwanja na kukimbia mchakamchaka, amekwisha kuitumia sehemu iliyo bora ya kidonge chake kabla mwalimu hajaandika tarehe ubaoni. Jaribio la hesabu likiwekwa saa tano, tutakuwa tumempima mtoto huyo pale dawa inapomwishia. Likiwekwa asubuhi, au nusu saa na zaidi baada ya kidonge cha pili, tutaipima hesabu yake. Badiliko hilo halina gharama. Halihitaji zana wala fungu la fedha, lahitaji mwalimu kuuliza tu, "Mwanangu, dawa yako wamezaga saa ngapi?"

Dawa nayo ina madhara yake. Tumbo husokota na pengine huharisha. Mate na jasho huzidi. Misuli midogo huchezacheza. Mtoto wa namna hii akiomba kwenda chooni mara tatu katika kipindi kimoja, si ujanja, na sheria ya "hakuna kutoka mpaka kengele" haimfai. Tena kuzidisha vidonge huleta udhaifu ule ule unaotibiwa, kwa hiyo mwalimu asimwongezee hata kimoja kwa kumhurumia. Wengine hupewa prednisoloni, ambayo hutuliza kinga ya mwili, lakini huvimbisha uso, huleta njaa na kunenepa, huharibu usingizi, na hubadili tabia ya mtoto akawa mwepesi wa kulia au kugomba. Dawa hii haiachwi ghafla. Wenzake humpa majina. Walimu ambao huwakataza watoto kumcheka mwenye ulemavu wa mguu mara nyingi huwaacha wamcheke mwenye mashavu ya prednisoloni, kwa kudhani amenenepa tu.

Jambo moja tungetaka kila mwalimu wa nyanda hizi alishike. Kwinini, iliyokuwa tegemeo letu la malaria kali kwa miaka mingi, humdhuru mgonjwa huyu na inaweza kumzuia kupumua. Klorokwini, ambayo Tanzania iliiacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, nayo si salama kwake; vivyo hivyo jentamaisini na siprofloksasini. Basi tabia ya mwalimu kuwa na kopo la dawa kabatini na kugawa kwa kila mwenye homa, hata kama ni ya huruma, haina nafasi hapa. Na mtoto akishindwa kumeza mate yake, au kumaliza sentensi fupi bila kutweta, hilo si jambo la kungoja mzazi arudi shambani; apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Wako watakaotuuliza habari ya kazi za mikono. Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule zetu zimeamini kwamba mtoto hujifunza pia kwa jembe na ndoo. Sisi hatuna ugomvi na imani hiyo. Ugomvi wetu ni na wale wanaoigeuza iwe kipimo kimoja kwa miili yote. Mwezi wa Novemba, kabla mvua hazijanyesha, jua la Dodoma huwachosha hata wenye afya, na joto huzidisha udhaifu wa mgonjwa huyu waziwazi. Apewe kuhesabu miche, kuandika daftari la mazao, kutunza ufunguo wa ghala, na afanye kazi hizo akiwa kivulini. Kumwondolea kazi zote ni kosa jingine, na pengine ni kubwa zaidi, maana humtenga na wenzake.

Tutaambiwa pia kwamba mwenye watoto themanini hawezi kumchunga mmoja. Hoja hiyo twaiheshimu, maana tumeingia katika madarasa hayo. Lakini tuliyoyataja mengi ni mambo ya kutofanya: kutopiga, kutomwita mvivu, kutomlazimisha asome ukurasa mzima kwa sauti, kutomkataza kushika kidevu. Kutofanya hakuchukui muda. Baraza la Mitihani lenyewe lina utaratibu wa kuwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Ni ajabu basi kwamba mwalimu wa darasa huona haya kumwongezea mtoto dakika kumi katika jaribio la wiki.

Limebaki la walimu wanafunzi wenyewe, maana ugonjwa huu huwapata watu wazima pia, hasa wanawake vijana. Mwanachuo mwenye maradhi haya akienda mazoezi ya kufundisha, sauti yake itakuwa nzuri wakati wa utangulizi wa somo na itafifia wakati wa hitimisho, na mkono wake utashindwa kuandika sehemu ya juu ya ubao. Mkufunzi asiyejua ataandika "sauti hafifu, matumizi mabaya ya ubao" na kumpunguzia alama. Twapendekeza fomu ya tathmini iwe na nafasi ambapo mwanachuo, akipenda, ataeleza kabla ya somo hali yake na saa ya dawa yake. Na aruhusiwe kuketi, kutumia chati zilizoandikwa nyumbani, na kuwapa watoto kazi ya vikundi katika nusu ya pili ya kipindi. Mkufunzi atakayekuja kumtathmini aje kipindi cha kwanza.