Kitabu Bubu Chenye Mengi ya Kusema

Wako wasemao kwamba kitabu cha picha tupu ni cha watoto wasiojua kusoma. Mimi nasema sivyo, na shahidi wangu ni “The Arrival”, kitabu cha Shaun Tan, mchoraji wa Australia, kilichotoka mwaka 2006. Kina kurasa 128 za picha, wala hadithi yake haina neno hata moja.

Baba mmoja anafunga sanduku, anamuaga mkewe na binti yake, anapanda meli kwenda nchi ya mbali kutafuta maisha. Hata afikapo, hakuna alijualo. Wanyama ni wa ajabu, vyakula ni vya ajabu, na maandishi ya mji ameyabuni mchoraji mwenyewe.

Hapo ndipo penye siri. Sisi tuliosomea chuoni tulizijua herufi kabla ya kuijua maana. Bwana huyu hata herufi hazijui. Anapewa kazi ya kubandika matangazo, naye ayabandika kichwa chini, miguu juu. Msomaji hamcheki, kwani naye maandishi hayo hayajui. Lau kisa kingeelezwa kwa maneno, msomaji angemzidi msafiri kwa kujua, akamhurumia kutoka juu. Kwa kunyamaza, Tan amewaketisha wote jamvi moja.

Wala hakuyatoa hewani. Baba yake mwenyewe alitoka Malaysia kwenda Australia mwaka 1960. Tena alizichungua picha za wahamiaji waliopitia Ellis Island, New York, kituo kilichowapokea wageni wa Marekani tangu 1892 hadi 1954.

Na ni nani wamsaidiao msafiri wetu? Ni wageni waliomtangulia: mwanamke aliyetoroka kazi ya kulazimishwa, mzee aliyepoteza mguu vitani. Kila mmoja ana kisa chake, na kila mmoja amnyooshea mkono.

Twapenda kusema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ni wangapi humhesabu mtu mjinga kwa kuwa tu hajui lugha ya mji? Asiyejua kusema si kwamba hana la kusema. Kitabu hiki chatufunza hivyo, na bibi na mjukuu waweza kukifungua pamoja bila ya mfasiri. Mwishoni kabisa, yule binti, aliyekwisha kumfuata babake, anamwonyesha njia mgeni mwingine. Huo ndio utu, nao hauhitaji kamusi.