Ruhusa Si Haki: Fundisho la Kanisa la Mbao la Hronsek



Katika kijiji cha Hronsek, katikati ya Slovakia, limesimama kanisa la mbao ambalo Walutheri walilijenga mwaka 1725 na 1726. Lina umbo la msalaba, na viti vyake hutosha watu wapatao 1,100. Mwaka 2008 UNESCO ililiandika katika Urithi wa Dunia pamoja na makanisa mengine saba ya mbao ya milima ya Karpati. Wageni hulisifu kwa uzuri wake. Uzuri huo usitupofushe macho. Mbao zile ni ushahidi wa dhuluma, na walioitenda ni Wakatoliki wenzetu.

Tukumbuke yaliyopita. Nchi ile ilikuwa sehemu ya Hungaria chini ya Kaisari Leopold wa Kwanza. Mwaka 1674 wachungaji wa Kiprotestanti walishtakiwa mjini Pressburg, ambao sasa huitwa Bratislava, mbele ya mahakama iliyoongozwa na Askofu Mkuu György Szelepcsényi. Baadhi yao waliuzwa Napoli wakapige makasia katika merikebu kama watumwa, hata Admirali Michiel de Ruyter wa Uholanzi alipowakomboa mwaka 1676.

Uasi ulipoutikisa utawala wake, Kaisari alilegeza kamba. Mwaka 1681, katika Baraza la Sopron, Waprotestanti waliruhusiwa kujenga makanisa mahali palipotajwa tu, mawili katika wilaya nyingi. Masharti yalikuwa mazito: wajenge kwa mbao, bila misumari ya chuma, bila mnara juu ya kanisa, na kazi imalizike ndani ya mwaka mmoja. Mnara wa kengele wa Hronsek umesimama kando, si juu ya paa.

Kwa nini mbao? Jiwe hudumu, mbao huoza na kuungua. Aliyeweka sharti hilo hakutaka jirani yake asali kwa amani. Alitaka asali kwa muda tu.

Wako watakaosema: "Hata hivyo, si waliruhusiwa?" Naam, waliruhusiwa. Lakini ruhusa itolewayo kwa hisani ya mtawala hunyang'anywa kwa hasira yake. Mwaka 1687, miaka sita tu baada ya Sopron, mahakama ya Jenerali Antonio Caraffa iliwaua watu 24 mjini Prešov kwa tuhuma za njama. Haki haiko hivyo. Haki ni mali ya mtu kwa kuwa ameumbwa na Mungu, wala hakuna serikali wala askofu anayemgawia kwa kibaba.

Wengine watasema hayo ni mambo ya kale, tusifukue makaburi. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili hakuwaza hivyo. Tarehe 2 Julai 1995 aliwatangaza watakatifu mapadre watatu waliouawa na askari wa Kiprotestanti mjini Košice mwaka 1619. Siku hiyohiyo akaenda Prešov, akasali mbele ya kumbukumbu ya Waprotestanti waliouawa. Aliheshimu damu ya pande zote mbili.

Tangu tarehe 7 Desemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotangaza Tamko juu ya Uhuru wa Dini, hatuna kisingizio. Basi, viongozi wa walei, tujiulize. Kikundi kidogo cha dini nyingine kinapotafuta kiwanja kijijini petu, tunasema nini katika mkutano? Je, tunakisogeza bondeni, mbali na barabara? Je, tunanong'ona kwamba "waruhusiwe, ila wasionekane sana"? Tukisema hivyo, tunaandika upya vifungu vya Sopron kwa mkono wetu.

Walutheri wa Hronsek walitii kila sharti, na kanisa lao lingali limesimama karibu miaka 300 baadaye. Sheria iliyotaka lisidumu imekufa. Anayedhani atailinda imani yake kwa kumbana jirani na atazame nyumba ile, kisha ajibu: ni nani aliyeshinda?