Miezi ya Kati Si ya Kungoja

Miezi ya kati ya ujauzito, tangu wiki ya 13 hadi ya 27, inasifiwa na karibu kila aliyewahi kuzaa. Kichefuchefu kinapungua, chakula kinaanza tena kuwa na ladha, na tumbo bado halijawa zito kiasi cha kumnyima mtu usingizi. Sifa hizo ni za haki. Tatizo ni ushauri unaoandamana nazo. Mama mkwe ana wake, shoga ana wake, mpangaji wa chumba cha pili ana wake, na sehemu kubwa ya ushauri huo inamwambia mjamzito atulie angoje. Tuyapitie madai saba, moja baada ya jingine.

1. "Kliniki nenda tumbo likishatokeza."

Sababu zinajulikana: kuogopa jicho la watu, na hofu kwamba mimba changa inaweza kutoka, sasa ya nini kuitangaza? Lakini kwenda kliniki si kutangaza. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8: la kwanza ndani ya wiki 12 za mwanzo, kisha mawili katika miezi hii ya kati, wiki ya 20 na ya 26. Altrasaundi inatakiwa kabla ya wiki ya 24, kwa sababu umri wa mimba hukadiriwa vizuri zaidi mapema. Baadaye watoto hutofautiana sana ukubwa. Na mama ambaye daktari anaona yuko katika hatari kubwa ya kifafa cha mimba huandikiwa aspirini ya kiwango kidogo, ambayo inatakiwa ianze kabla ya wiki ya 20. Anayefika kwa mara ya kwanza akiwa na tumbo la miezi sita amekwisha kuyakosa yote mawili.

2. "Ukivuka miezi mitatu, hatari imepita."

Nusu ya dai hili ni kweli: mimba nyingi zinazoharibika huharibika katika wiki 12 za mwanzo. Nusu ya pili ndiyo inayoponza. Presha inayozaa kifafa cha mimba huanza baada ya wiki ya 20, na mara nyingi mwanzoni mama hasikii chochote. Ndiyo maana nesi hupima presha na mkojo hata ukiingia kliniki unacheka. Miguu kuvimba jioni baada ya kushinda umesimama ni jambo la kawaida. Lakini uso na mikono ikivimba ghafla, kichwa kikiuma bila kutulia, macho yakiona vimulimuli, au ukipata maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu, nenda kituoni siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukitokwa na damu au maji ukeni. Usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

3. "Vidonge vya damu vinamkuza mtoto, utaishia kupasuliwa."

Katika ujauzito damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu, lakini maji ya damu huongezeka kwa kasi kuliko chembe nyekundu. Hivyo kipimo cha wingi wa damu hushuka, na katika miezi hii kikiwa chini ya 10.5 huhesabiwa kuwa ni upungufu. Kidonge kinarudisha madini ya chuma ambayo mama na mtoto wanayatumia, hakitengenezi jitu. Mtoto akiwa mkubwa kupita kiasi, mshukiwa wa kwanza ni kisukari cha mimba, ambacho kwa kawaida hupimwa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Choo kuwa cheusi kisikutishe, ni rangi ya chuma hicho. Ila usimezee kidonge kwa chai, kwani chai huzuia chuma kufyonzwa. Maji au juisi ya chungwa inafaa zaidi.

4. "Sina homa, SP ya nini?"

Vimelea vya malaria hujificha kwenye kondo la nyuma. Mama anaweza asipate homa kabisa, huku mtoto akinyimwa lishe na kuzaliwa na uzito mdogo. Katika maeneo yenye malaria nyingi, SP, yaani dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, huanza kutolewa wiki ya 13, kisha hurudiwa kwa nafasi isiyopungua mwezi mmoja, walau mara tatu kabla ya kujifungua. Asiyepaswa kupewa ni mama anayetumia kotrimoksazoli, kwa mfano kwa sababu ya VVU. Amwambie nesi mapema.

5. "Sasa unakula kwa ajili ya wawili."

Katika miezi hii mwili unahitaji nyongeza ya takriban kalori 340 kwa siku. Hiyo ni glasi ya maziwa na konzi ndogo ya karanga, si sahani ya pili ya ubwabwa. Jambo la ajabu ni kwamba anayehimizwa ale mara mbili ndiye huyo huyo anayekatazwa mayai, eti mtoto atazaliwa kipara. Mayai yaliyoiva vizuri ni chakula bora kwake. Cha kuacha ni pemba ile inayouzwa sokoni. Udongo huo unaweza kuzuia chuma kufyonzwa na kubeba mayai ya minyoo, hata risasi. Hamu yenyewe mara nyingi huja pamoja na upungufu wa damu, kwa hiyo ukiipata, kapime.

6. "Wa mwenzio alicheza wiki ya 16, wako mbona kimya?"

Mwenye mimba ya kwanza mara nyingi huanza kumsikia mtoto kati ya wiki ya 18 na 20. Aliyewahi kuzaa humtambua mapema zaidi, hata wiki ya 16. Kondo likikaa mbele ya mji wa mimba, mateke ya mwanzo hufifia. Ukifika wiki ya 24 hujasikia chochote, hapo nenda ukachunguzwe.

7. "Tumbo la mchongoko ni dume, kiungulia ni nywele za mtoto."

Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo ya wajawazito 104: umbo la tumbo halikubashiri jinsia. Mwaka 2006 watafiti wa chuo hicho hicho walifuatilia wanawake 64, wakitarajia kulizika na dai la kiungulia. Wakakuta kinyume: waliosumbuliwa zaidi na kiungulia walielekea kuzaa watoto wenye nywele nyingi, pengine kwa sababu ya homoni zile zile. Utafiti ni mdogo, lakini bibi tumpe haki yake. Na hata akiwa sahihi, nywele zitaonekana siku ya kujifungua bila wewe kufanya lolote. Presha, damu na SP hazikupi muda huo.