Nyumba ya Magurudumu Haijengwi kwa Siri



Juma lililopita mama mmoja mkazi wa Ilala Bungoni aliniletea barua fupi. Mumewe amestaafu baada ya utumishi wa miaka mingi, na kiinua mgongo chake kimekwisha kuingia benki. Tangu siku hiyo mzee halali. Kila usiku hutazama katika simu picha za magari ya Kijapani yenye vitanda, jiko na kabati ndani yake. Nia yake ni kuagiza moja, ampakie mkewe, wasafiri kwa barabara muda wa miezi mitatu hadi Afrika ya Kusini, anakofanya kazi mtoto wao. Mama huyo anauliza: "Nimzuie au nimwache?"

Swali hili si la nyumba moja. Vijana wetu wametawanyika Lusaka, Gaborone, Johannesburg na kwingineko kutafuta riziki, na wazazi waliobaki nyuma wanatamani kuwaona. Kutembea duniani si anasa waliyoumbiwa wageni peke yao. Kwa hiyo mzee wa Bungoni sitamcheka. Tena sina haki ya kumcheka, kwa sababu nitakazozieleza mbele.

KULIFAHAMU GARI LENYEWE

Gari la namna hii halijapata kwetu jina moja lililozoeleka. Mimi nitaliita gari-nyumba, maana ndivyo lilivyo: unaliendesha mchana, na usiku unalala humo humo. Yako yaliyojengwa juu ya gari dogo la abiria, na yako makubwa kama lori.

Yanayotoka Japani mara nyingi hujengwa juu ya Toyota Hiace, gari ambalo kila mkazi wa Dar es Salaam amepata kulipanda likiwa daladala. Hiyo ni faida kubwa, kwani likiharibika hutakosa fundi wala vipuri Gerezani, na hata huko njiani Hiace hazikosekani. Yale ya bara la Ulaya mengi hujengwa juu ya Fiat Ducato, na usukani wake uko kushoto. Kwetu, na katika njia yote ya kwenda kusini kupitia Zambia na Botswana, magari hupita upande wa kushoto wa barabara, na dereva hukaa kulia. Anayetaka kulipita lori akiwa amekaa upande usiofaa humtegemea mkewe amwambie kama mbele ni salama. Si ndoa nyingi zinazostahimili mtihani huo kwa miezi mitatu.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji hawalitangazi. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, na wetu ni volti 230. Jokofu na taa za gari-nyumba la Kijapani ukizichomeka moja kwa moja katika soketi ya ukutani hapa Ilala, zitaungua siku hiyo hiyo. Hapana budi kununua transfoma, na mtambo mzima wa umeme ukaguliwe na fundi anayeijua kazi yake.

HESABU YA BANDARINI

Sasa tuje penye kiini cha maneno. Bei unayoiona katika picha si bei ya gari. Ongeza nauli ya meli na bima, na juu ya jumla hiyo ndipo kodi zinapoanza kupandana kama ngazi.

Tuchukue mfano. Tuseme gari, nauli na bima vinafika shilingi 20,000,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni 5,000,000, na sasa tumefika 25,000,000. Kwa gari la watu lenye injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000, ushuru wa bidhaa ni asilimia 10 ya jumla hiyo mpya, yaani 2,500,000. Kisha Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18, inatozwa juu ya vyote hivyo 27,500,000, nayo ni 4,950,000. Milioni 20 zako zimekuwa shilingi 32,450,000, na bado hujaigusa tozo ya reli, ada za forodha, malipo ya bandari, ujira wa wakala wala usajili.

Wala usidhani utapona kwa kuonyesha risiti yenye bei ya chini. Kwa magari yaliyotumika, Mamlaka ya Mapato ina orodha yake ya thamani, na risiti yako haiishindi. Gari lililozeeka huongezewa ushuru wa uchakavu, na umri wake huhesabiwa tangu lilipotengenezwa. Aidha, usijidanganye kwamba gari-nyumba litahesabiwa kuwa basi kwa sababu tu ni Hiace. Katika orodha ya kimataifa ya forodha gari-nyumba limo katika kundi namba 87.03, pamoja na magari madogo ya watu, wakati mabasi yako katika kundi jingine.

YALIYONIPATA MIMI

Haya yote, ndugu msomaji, sikuyasoma katika kitabu. Mwaka 2022 nami nilipata kiinua mgongo changu. Binti yetu alikuwa akifanya kazi Gaborone, na alikuwa mjamzito. Niliagiza gari-nyumba bila kumwambia mke wangu, nikijidanganya kwamba nataka kumfurahisha kwa jambo asilolitarajia. Ukweli ni kwamba niliogopa angeniuliza maswali nisiyokuwa na majibu yake.

Watu wa rika langu wataielewa tabia hiyo ilikotoka. Tulikulia katika miaka ambayo fedha za kigeni zilikuwa haba, na gari kutoka ng'ambo lilikuwa jambo la kibali. Hata mwaka 1984, Serikali iliporuhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa, wengi waliendelea kuifanya shughuli hiyo kimya kimya, na jirani aliliona gari lilipokwisha kuegeshwa mlangoni. Tulizoea kufikiri kwamba gari ni siri ya mwanamume.

Meli ilifika. Nilikuwa na fedha za kulinunua gari, lakini za kulitoa bandarini sikuwa nazo. Siku za kuhifadhiwa bure zikapita, na gharama za kuliweka pale zikawa zinaongezeka kila kulipokucha. Nilihangaika kukopa kwa marafiki mpaka nikaishiwa marafiki. Ndipo usiku mmoja nikamweleza mama watoto.

Hakupiga kelele. Alikuwa na biashara ya vitenge Kariakoo, biashara aliyoijenga doti moja moja kwa miaka kumi na mitano. Asubuhi alikwenda akauza mzigo wote kwa bei ya hasara, akaniletea fedha katika mfuko wa plastiki. Aliniambia maneno haya tu: "Ungeniambia mapema, baba, ningekupa ushauri na nusu ya fedha. Sasa nimekupa fedha zote, na ushauri hauna kazi tena."

Gari lilitoka. Fedha ya safari haikuwapo. Mjukuu alizaliwa, na nauli iliyopatikana ilimtosha mtu mmoja. Mke wangu alipanda basi hadi Lusaka, akaunganisha jingine hadi Gaborone, akawahi arobaini ya mtoto. Mimi nilibaki Ilala nikililinda gari lenye vitanda vinne na jiko, limeegeshwa uchochoroni, watoto wa mtaa wakichungulia madirishani. Baadaye nililiuza kwa hasara, na sehemu ya fedha ikarudi katika vitenge.

GHARAMA ZA BARABARANI

Tuseme ninyi mmelipata gari salama. Safari nayo ina madai yake. Mtapita Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi na anayemgonga mnyama hutozwa faini. Mtapanda mlima Kitonga kabla ya Iringa, na hapo gari zito lenye matangi ya maji hupimwa pumzi zake. Mpakani Tunduma, tangu mwaka 2019, pana kituo cha pamoja, ambapo maofisa wa Tanzania na wa Zambia huhudumia mahali pamoja. Mbele ya hapo, Kazungula, daraja lenye urefu wa meta 923 lilifunguliwa Mei 2021, na foleni ya kusubiri pantoni ya kuvukia Zambezi imekuwa hadithi.

Lakini njia nzuri haiondoi makaratasi. Kadi ya gari iwe na jina la anayesafiri. Kama sivyo, mchukue barua ya mwenye gari iliyothibitishwa kisheria. Kila mpaka utataka kibali cha kuliingiza gari kwa muda, na muda huo ukipita mtaanza kutafutana na forodha ya wenyewe. Kwa bima, ile Kadi ya Njano ya COMESA hutolewa hapa kwetu, ingawa Tanzania ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000, nayo inakubalika Zambia. Botswana na Afrika ya Kusini hazimo katika mpango huo, kwa hiyo huko mjipange kwa namna nyingine. Kila nchi nayo ina malipo yake ya barabara, na mafuta hayakopeshwi.

JIBU LANGU KWA MAMA WA BUNGONI

Mama, usimzuie, wala usimwache. Kaa naye. Chukueni karatasi moja na kalamu mbili. Andikeni sehemu ya kwanza, gharama za gari hadi linafika bandarini. Ya pili, gharama za kulitoa. Ya tatu, za kwenda na kurudi, pamoja na akiba ya ugonjwa na ya gari kuharibika. Sehemu ya nne, ambayo wengi huisahau, iwe ya kazi litakayoifanya gari hilo mtakaporudi. Safari ni ya miezi mitatu, na uzee, Mungu akijalia, ni wa miaka ishirini. Gari linalokaa bila kazi linakula bima, matairi na uwanja wa watu.

Huenda mtakapomaliza kuandika mkaona kwamba inatosha kutafuta Hiace ya kawaida iliyokwisha kusajiliwa hapa nchini. Seremala awatengenezee kitanda cha mbao kinachoondolewa, mbebe jiko dogo, maji na chandarua, na vyoo mtavikuta katika nyumba za wageni. Mkirudi, kitanda kinatoka na gari linafanya kazi. Huenda pia mkaona kwamba basi linatosha, na fedha iliyobaki ikajenga vyumba viwili vya kupangisha. Au huenda hesabu ikakubali, mkaagiza gari-nyumba lenu, mkasafiri. Lolote kati ya hayo ni jema, mradi mmelifikia wawili.

Na wewe mzee mwenzangu wa Bungoni, najua mkeo atakusomea haya. Muulize anachofikiri kabla hujatuma hata senti moja. Mwenzio sikuuliza, na mjukuu wangu nilimwona kwa mara ya kwanza alipokuwa amekwisha kuanza kutembea. Alinitazama, akakimbilia kwa bibi yake.

Tuonane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.