Soksi za Remmy Ongala

Nimekaa mara nyingi katika vibaraza vya Manundu, hapa Korogwe, nikiwasikiliza vijana wapenzi wa muziki wa roki wakibishana ni mwanamuziki gani aliyepata kuwashtua watu kuliko wote. Humtaja Screamin' Jay Hawkins, Mmarekani aliyekuwa akiibuka jukwaani kutoka ndani ya jeneza, na Alice Cooper, aliyejifanya kunyongwa mbele ya watazamaji wake. Nikimtaja Remmy Ongala, hucheka. Mimi sicheki. Jeneza la maigizo halimshtui mtu aliyekwisha kubeba la kweli.

Sikatai kwamba Remmy naye alikuwa na vituko vya macho. Mzaliwa huyo wa Kindu, Kongo, mwaka 1947, aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy kabla ya kuvuma na Super Matimila, alifuga nywele za rasta na kujiita mwenyewe sura mbaya. Hayo ni mavazi tu. Kishindo chake kilikuwa katika maneno, na kwa maneno ndivyo ninavyozipima albamu zake.

Nalilia Mwana, iliyotolewa Uingereza mwaka 1988, ndiyo niipendayo kupita zote. Nyimbo zake nilizijulia Chanika, Handeni, katika redio kaseti ya mjomba, kwa kanda zilizonakiliwa mara nyingi hata gitaa likasikika kana kwamba linapigwa ndani ya mtungi. Humo umo wimbo wa Siku ya Kufa. Sisi watunzi wa mashairi hukizunguka kifo: marehemu ametangulia, ametutoka, ameitwa. Remmy alikiita kwa jina lake, tena katika muziki wa kucheza, na watu wakacheza huku wakijua wanacheza nini.

Humo pia umo Mnyonge Hana Haki. Mwaka uliofuata alirekodi kwa ajili ya Real World, kampuni ya Peter Gabriel, albamu ambayo ndani yake umo wimbo Sauti ya Mnyonge, lakini jaladani ikaandikwa Songs for the Poor Man, yaani nyimbo za maskini. Msomaji wa lugha atanielewa nikisema kwamba hapo pamepotea kitu. Maskini amekosa mali. Mnyonge amekosa nguvu ya kudai. Yupo maskini anayeogopwa na kijiji kizima, na yupo mwenye ng'ombe mia ambaye ni mnyonge mbele ya karani. Remmy alimwimbia huyo wa pili pia. Albamu yenyewe ni safi, pengine safi mno, kama shati lililopigwa pasi mpaka likapoteza harufu ya mwenyewe. Karola na Kipenda Roho huniburudisha. Hazinitishi.

Mambo, ya mwaka 1992, siiwezi sana. Baadhi ya nyimbo aliziimba kwa Kiingereza, na humo Remmy anakuwa mgeni mwenye adabu, anayechagua maneno yasiyomuudhi mwenyeji. Akirudi kwenye Kiswahili, hata kile chenye lafudhi ya Kongo ambacho wenzangu wa sarufi sanifu hukikunjia uso (Inchi Yetu, si Nchi Yetu), anarudi kuwa yeye.

Ila wimbo ulionisukuma kuandika haya ni Mambo kwa Soksi, wa miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1990. Uliwaasa watu watumie kondomu kujikinga na UKIMWI. Radio Tanzania haikuupiga, na wakati ule hapakuwa na redio binafsi nchini ya kuupiga. Ukasambaa kwa kanda, mabaa yakaupiga usiku kucha. Wapo waliosema, na wapo wanaosema hadi leo, kwamba ni matusi.

Ni matusi gani? Soksi ni tafsida, msomaji, na ni tafsida ya kiwango cha juu. Mtoto aliyeusikia alifikiri viatu. Mtu mzima aliyeusikia hakuwa na shaka hata kidogo. Aibu imesitiriwa, maana imeachwa wazi. Sijui mafundi wa mafumbo wangetaka nini zaidi.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu miaka hiyo nilitunga tafsida yangu pia. Binamu yangu alifariki Handeni baada ya kudhoofu kwa mwaka mzima. Nilitumwa niandike wasifu wa marehemu kwa kuwa ndimi niliyesifika kwa kalamu, nami nilipanda basi kutoka Korogwe, barabara ikiwa bado ya vumbi, nikitafuta maneno njia nzima. Niliandika kwamba alisumbuliwa na kifua kwa muda mrefu. Wazee walinishukuru kwa hekima. Waombolezaji walisikia „kifua“ wakaridhika, na miongoni mwao alikuwamo mwanamke aliyekuwa na haki ya kujua kuliko wote. Maana niliisitiri, aibu nikaiacha pale pale ilipokuwa. Mwanamke huyo tulimzika kabla miaka mitatu haijaisha. Wasifu wake aliuandika mtu mwingine, naye aliandika kifua.

Remmy alifariki Desemba 13, 2010, akiwa ameokoka na kuimba nyimbo za Injili, ambazo sizijui vya kutosha kuzihukumu. Jina lake limebaki hata katika kituo cha daladala, Sinza kwa Remmy. Mkaza mjomba wangu, mama wa marehemu, hakupata kusoma hata darasa moja. Mwaka fulani tuliketi naye stendi ya Korogwe, na wimbo wa soksi ukatoka katika duka la kanda. Nilitaka kuinuka. Akanishika mkono, akasema: „Kaa, mwanangu, tuusikie wote.“ Tuliusikia mpaka mwisho, basi lake likatupita.

Kwa kijana wa Manundu anayetaka kuanza, basi, aanze na Nalilia Mwana. Kisha autafute Mambo kwa Soksi popote atakapoupata. Albamu ya Mambo inaweza kusubiri.